Mwanafunzi Mwenye Mvi

(Mazungumzo ya ibada ya asubuhi, yaliyotolewa redioni na mwalimu mmoja wa Matsangoni ambaye pia ni mzee wa kanisa. Tunayachapisha hapa kwa kuombwa na wasikilizaji.)

  Mimi nasema nanyi kama jirani. Kwetu ni Matsangoni, kando ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Malindi, ukishapita Kilifi na kabla hujafika Gede. Wengi wenu mmepita hapo ndani ya matatu bila kujua mmepita mbele ya nyumba yangu.

Neno letu la asubuhi hii liko katika kitabu cha Mithali, mlango wa 18, mstari wa 13. Fungueni mkasome wenyewe baada ya kipindi. Mwenye hekima anatuonya juu ya mtu ambaye jibu liko tayari mdomoni mwake kabla mwenzake hajamaliza kusema. Ndugu msikilizaji, mtu huyo namfahamu vizuri sana. Mtu huyo ni mimi. Leo nataka kukusimulia jinsi Mungu alivyonirudisha shuleni nikiwa na mvi kichwani, ili anifundishe kufunga mdomo na kufungua masikio.

Mwaka 2011 palikuwa na nyanya mmoja katika ushirika wetu. Sisi Wagiriama tungemwita hawe. Alikuwa mwimbaji hodari wa kikundi cha akina mama, mtu wa kucheka, na mkono wake ulikuwa mwepesi wa kugawa. Polepole alianza kubadilika. Aliweka chumvi mara mbili kwenye mboga. Aliwaita wanawe kwa majina ya kaka zake waliokwisha kufa. Mwishowe akaanza kutoka usiku. Alfajiri moja watu walimkuta amesimama katika boma la jirani, leso yake imelegea, hajui amefikaje pale. Na katika boma lile mlikuwa na mtoto mgonjwa.

Ninyi mlio wa pwani hii sina haja ya kuwaeleza. Mnajua husemwa nini juu ya mwanamke mzee anayekutwa alfajiri katika boma la watu.

Mwanawe wa kwanza alinijia nyumbani, amefadhaika. Akaniuliza, "Mwalimu, mama ana nini?" Mimi sikumuuliza swali hata moja. Sikumuuliza mambo hayo yalianza lini, wala kama mama anakula, wala kama amewahi kupelekwa hospitali. Nilimjibu papo hapo, "Ni pepo. Tutakuja tuombe." Tulikwenda jioni tatu. Tuliomba kwa sauti kubwa, tukiwa tumemzunguka. Yule mama alilia. Siku hizo nilidhani ni pepo anayelia. Leo naamini alilia kwa sababu aliona watu anaowapenda wamemzunguka wakipiga kelele, naye hajui amewakosea nini.

Basi alipokosa kupona, maneno yaligeuka. Watu walisema, "Hata maombi ya kanisa yameshindwa. Basi huyu si mgonjwa wa pepo, huyu ni mchawi mwenyewe." Mnaona, wapenzi? Jibu langu la haraka ndilo lililofungua mlango. Usiku mmoja makuti ya nyumba yake yalitiwa moto. Jirani mwenye huruma alimtoa nje akiwa hai, akapelekwa kwa jamaa zake mbali, upande wa Ganze. Hakumaliza mwaka. Nami niliendelea kuhudumu kanisani, nikisema moyoni kwamba nilifanya niliyoweza.

Mwaka 2016 nilikuwa na umri wa miaka 51. Nilikuwa nimefundisha shule ya msingi zaidi ya miaka 25, na nilipewa kazi ya kuwashauri wanafunzi wenye shida. Waliniletea mambo mazito: mtoto asiyesema tangu baba yake azame baharini, msichana aliyekataa kula. Nami nilikuwa na jibu moja kwa wote: "Jipe moyo, omba, soma kwa bidii." Nilianza kuona kwamba maneno yangu yanawapita kama maji juu ya jani la mgomba. Nikasikia kwamba vipo vyuo vikuu vinavyowapokea walimu wakati wa likizo za shule, mwezi wa Aprili, Agosti na Desemba. Nikatamani kusoma saikolojia, yaani elimu ya nafsi na mwenendo wa mtu.

Nilipotamka jambo hilo, ndugu mmoja kanisani aliniambia, "Mzee, elimu hiyo ni ya dunia. Utakwenda na imani, utarudi na maswali." Mwingine alicheka, akasema, "Ukimaliza utakuwa na miaka mingapi?" Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Nikamweleza mke wangu. Alikuwa akikuna nazi, hakuinua hata kichwa. Akasema, "Ukimaliza utakuwa na miaka ile ile utakayokuwa nayo usipokwenda. Uza wale mbuzi, baba. Afadhali waliwe na karo kuliko waliwe na woga wako."

Basi mbuzi wakauzwa.

Siku ya kwanza chuoni niliingia darasani nimevaa koti, na vijana wote wakasimama. Walidhani mimi ndiye mhadhiri. Mhadhiri mwenyewe alipoingia, alikuwa mwanamke wa umri wa binti yangu. Na katika safu ya tatu alikaa kijana niliyemfundisha darasa la nne. Alisogea akanipa nafasi, akasema, "Mwalimu, shikamoo. Karibu uketi." Aibu iliyonishika siku ile siwezi kuipima.

Nisiwadanganye, kusoma ukubwani kuna kazi yake. Mambo ya kukariri hayaingii upesi kama zamani. Somo la takwimu lilinishinda. Nilifanya mtihani nikaanguka, mimi niliyewachapa watoto wa watu kwa kuanguka hesabu. Aliyeniokoa ni yule kijana wa safu ya tatu. Alikaa nami jioni nyingi chini ya taa ya bweni, akisema, "Mwalimu, wewe ulinifundisha kugawanya. Sasa ni zamu yangu." Nilirudia mtihani nikapita. Lakini niliona pia kwamba mtu mzima ana akiba yake. Alichokwisha kukijua hakipotei kwa urahisi, na jambo jipya likipata mahali pa kushika katika maisha yake, hushika imara. Vijana walisoma juu ya huzuni ya kufiwa katika vitabu. Mimi nilikuwa nimezika.

Sasa nisikilizeni vizuri. Ilikuwa mwezi wa Agosti, mwaka wangu wa pili. Mhadhiri alitusimulia habari za daktari mmoja wa Ujerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901, katika hospitali ya Frankfurt, daktari huyo alimpokea mama mmoja aliyeitwa Auguste, mwenye umri wa miaka 51, umri wangu niliponza masomo. Mama huyo alikuwa amesahau mambo mengi, amejaa hofu, hajui yuko wapi. Daktari alikaa naye, akamuuliza maswali, moja moja, akayaandika majibu yake. Mama yule alipofariki mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake, akaona umesinyaa na umeharibika. Mwaka ule ule akawaeleza madaktari wenzake. Ndipo ugonjwa ule ukapewa jina lake. Leo tunajua kwamba ugonjwa huo ni mmoja katika kundi la magonjwa yaitwayo dimensia, magonjwa ya ubongo yanayomnyang'anya mtu kumbukumbu.

Kisha mhadhiri akaandika dalili ubaoni. Mgonjwa husahau alichofanya asubuhi ile, lakini huweza kukumbuka mambo ya utoto. Huchanganya majina ya walio hai na waliokufa. Huweza kutoka usiku na kupotea, hata katika kijiji alichozaliwa. Huingiwa na hofu akizungukwa na kelele.

Kalamu ilinianguka mkononi. Sikumwona tena mhadhiri wala ubao. Nilimwona hawe yule, amesimama alfajiri katika boma la watu, leso yake imelegea. Nikatoka nje, nikaenda nyuma ya jengo chini ya mwembe, nikalia kama mtoto. Mimi si daktari, na siwezi kuapa alikuwa na ugonjwa gani. Lakini najua kwamba hakuna aliyejaribu kujua, na wa kwanza kutojaribu nilikuwa mimi. Daktari wa Frankfurt hakuwa na dawa ya kumponya Auguste, lakini aliketi, akauliza, akasikiliza. Mimi niliyebeba Biblia sikuketi wala sikuuliza.

Wapenzi, jambo hili si hadithi ya mwaka 2011 peke yake. Katika nchi yetu hii ya Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na wengine wamekimbilia Kaya Godoma kule Ganze ili wapate kuishi. Ukichunguza, mara nyingi nyuma ya shutuma kuna shamba linalotakiwa kugawanywa. Na mara nyingine kuna mzee ambaye ubongo wake umeugua, na hakuna wa kumwelewa. Mvi imekuwa hatia. Na sisi wa kanisa, je, tumesimama wapi?

Sasa nimjibu yule ndugu aliyesema nitarudi na maswali. Ndugu yangu, ulisema kweli. Nilirudi na maswali. Lakini imani yangu haikupungua, ila kiburi changu kilipungua. Maana nilipofungua tena Biblia niliona mambo niliyoyasoma miaka mingi bila kuyaona.

Tazama Eliya katika 1 Wafalme, mlango wa 19. Nabii mkubwa, juzi tu ameshusha moto kutoka mbinguni, leo analala chini ya mti jangwani na kuomba afe. Mimi ningemhubiria. Ningemwambia, "Nabii wa Mungu hasemi hivyo." Mungu alifanya nini? Alimwacha alale. Akamtuma malaika na mkate na maji. Akamwacha alale tena, akamlisha tena. Baadaye kabisa, huko mlimani, alimuuliza swali, akamwacha aseme yote yaliyokuwa moyoni. Kisha akamwonyesha kwamba hayuko peke yake, akampa mwenzake wa kazi. Chakula, usingizi, kusikilizwa, na mwenzi. Nilitumia miaka mitano na mbuzi wote kujifunza jambo ambalo Mungu alikuwa ameliandika tayari!

Tazama pia rafiki za Ayubu. Sisi huwalaumu, lakini mwanzo wao ulikuwa mwema. Waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa. Walikosea walipofungua midomo. Laiti mimi ningekuwa rafiki wa Ayubu wa siku zile saba tu!

Kwa hiyo saikolojia haiji kuchukua kiti cha Injili. Haiwezi kumsamehe mtu dhambi wala kumpa uzima wa milele. Lakini inaweza kumfundisha mzee wa kanisa kuuliza, "Ilianza lini?" kabla ya kusema, "Ni pepo." Yuko Mkenya mwenzetu, Dakta Gladys Mwiti, mama Mkristo, aliyekwenda hadi Fuller, seminari ya California, akasomea huko shahada ya udaktari ya saikolojia. Alirudi kuifanya kazi hiyo nyumbani kwa shirika la Oasis, na mwaka 2006 yeye na Alvin Dueck walitoa kitabu juu ya ushauri wa Kikristo unaotokana na hekima ya Kiafrika. Hakuiacha imani mlangoni mwa chuo, wala hakuuacha Uafrika wake.

Na wewe unayesema umri umepita, mkumbuke mzee wetu Kimani Maruge. Mwaka 2004, baada ya serikali kufuta karo katika shule za msingi, aliingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa na miaka 84. Alivaa sare na soksi ndefu, akaketi na watoto wa umri wa vitukuu. Mwaka uliofuata alikuwa kiranja mkuu, na akapelekwa New York kuwaambia wakuu wa dunia thamani ya elimu. Alifariki mwaka 2009. Sababu mojawapo iliyompeleka shuleni, kwa maneno yake, ni kwamba alitaka kujisomea Biblia mwenyewe, ahakikishe kama wahubiri wanayosema ndiyo yaliyoandikwa.

Laiti watu wengi wangekuwa na moyo huo! Mnakumbuka Aprili ya mwaka 2023, tulipoanza kusikia habari za msitu wa Shakahola, hapa hapa nyuma ya Malindi. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, ya watu wazima na watoto, wengi wao waliokufa kwa njaa, wakiamini kwamba kufunga hadi kufa kutawapeleka kwa Yesu. Watu waliuliza, "Iliwezekanaje?" Mtu akitiwa hofu, akatengwa na jamaa zake, akaambiwa kuuliza ni dhambi, anaweza kuongozwa popote. Basi tusiogope maswali kanisani. Imani isiyoruhusu kuulizwa ni hatari kuliko maswali yenyewe.

Wapenzi wasikilizaji, muda wetu unakwisha. Niwaachie mambo machache ya kufanya.

Kwanza, kama nyumbani kwako yuko mzee aliyeanza kusahau, mpeleke hospitali. Mara nyingine kuchanganyikiwa huletwa na homa, na upungufu wa maji mwilini, au na dawa anazotumia, na hayo yanaweza kutibiwa. Kama ni dimensia, dawa ya kuiondoa haijapatikana, lakini utunzaji wako ni dawa ya kila siku. Mwambie jambo moja kwa wakati mmoja. Usishindane naye. Usiku funga mlango wa ua kwa upole, na uwaeleze majirani mapema kwamba mzazi wako ni mgonjwa, ili wakimwona wamlete nyumbani. Aibu ya kusema ni ndogo kuliko hatari ya kunyamaza. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua.

Pili, ninyi wachungaji na wazee wenzangu, ombeeni wagonjwa, msiache kamwe. Lakini ulizeni kwanza, na baada ya kuomba msimkataze mtu hospitali.

Tatu, wewe mama au baba unayetamani kurudi shuleni, na unaona haya. Musa alikuwa na miaka 80 aliposimama mbele ya Farao, na Haruni alikuwa na 83. Huenda wewe hukuitwa kwa Farao. Huenda umeitwa kwenye dawati tu, kukaa nyuma ya mtoto uliyemfundisha kusoma. Nenda. Mimi nilimaliza mwaka 2021, baada ya korona kutuchelewesha, nikiwa na miaka 56. Mke wangu aliivaa kofia yangu ya mahafali kwa muda mrefu kuliko mimi, na ilikuwa haki yake.

Kabla ya kuomba, nimalizie na jambo moja. Mwaka jana kijana mmoja wa jirani alinijia jioni. Nilimjua kwa hofu iliyokuwa usoni mwake, maana niliwahi kuiona. Akasema, "Mwalimu, mama anatembea usiku. Watu wameanza kusema." Nilihisi jibu likipanda kooni, kama zamani. Nikalimeza. Nikamvutia kiti, nikamuuliza, "Ilianza lini?" Alisema kwa saa nzima. Asubuhi yake tulikwenda hospitali sote watatu, na Jumapili mchungaji alisimama mbele ya ushirika akaeleza kwamba mama yetu ana ugonjwa wa kusahau, na kwamba kila atakayemwona njiani ni mtoto wake.

Mama yule bado anasahau. Juzi aliniita kwa jina la marehemu baba yangu, nikaitika. Lakini analala nyumbani kwake, na makuti ya nyumba yake yako salama.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, wewe uliyemlisha Eliya kabla ya kusema naye, tusamehe sisi wenye majibu mengi. Tusamehe kwa ajili ya wazee tuliowahukumu na hatukuwasikiliza. Wakumbuke wote waliosahau hata majina yao, maana wewe hukuwasahau. Wape ujasiri wale unaowaita kujifunza wakiwa na mvi. Tufundishe kunyamaza, kuuliza, na kupenda. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.